Lile la Nne

Milingoti ya mkonge, ikishachanua,
hapa Kigombe tulikuwa tunaichoma kuni.
Singano aliunyanyua mmoja kwa vidole viwili, akacheka.

Saba akaigandisha kwa gundi, akairanda,
mkewe akiokota vumbi la mbao kwenye wali.
Ubao wa kwanza ulimtupa. Wa pili ukamng'oa jino.
Wa tatu akaupachika pezi la sufuria kuukuu,
akajifunga nao mguuni kwa kamba ya katani:
"Tukizama, tuzame pamoja."

Kusi lilipochachamaa, mawimbi yakasimama mwambani,
marefu kuliko godauni la kiwanda.
Tukamwona juu kabisa,
magoti yamelegea kama ya mtu
aliyetaka kukaa, akakumbuka jambo.

Leo goti limegoma. Huniuliza:
"Lile la nne, uliliona?"

Nilikuwa nimefumba macho.
"Nililiona," nasema.