Jembe la Siku ya Tatu

Mimi ndiye mgeni niliyetoka karibu kuliko wote.
Wenzangu walivuka bahari, wakarekebisha saa mikononi;
mimi nilivuka Barabara ya Waiyaki
na begi la mashati matatu, na sufuria ya mama
niliyosahau kuirudisha.

Nyumba iko Loresho, nyuma ya ua wa kayaba.
Vyumba sita, meza sita, taa sita za shingo ndefu.
Mlangoni pangu wamebandika jina langu
na chini yake: Kenya.
Nililisoma mara mbili, kama mtu aliyeletewa barua
ya kumjulisha anakoishi.

Tsiala wa Georgia huandika usiku,
hukohoa kila anapofuta neno.
Batsaikhan wa Mongolia, ambaye wote tulimtarajia farasi,
anaandika riwaya ya daktari wa meno.
Rumilda ametoka Paragwai na lugha ya nyanya yake;
anasema humo mna "sisi" mbili:
moja inakuingiza wewe uliye mbele yake,
nyingine inakuacha mlangoni.
Nikamwambia yetu ni moja tu,
tunabanana humo humo.

Wananiuliza mimi. Kila kitu, mimi.
Parachichi shilingi ngapi.
Ndege yule anayepiga kelele kama bawaba kavu, anaitwaje.
Kwarara, nikasema, hilo nalijua.
Mvua itakoma lini.
Nisipojua, nabuni;
si ndiyo kazi niliyoitiwa?

Siku ya tatu Syokau, anayetupikia,
aliweka jembe juu ya meza ya chakula,
kati ya chumvi na madaftari.
"Mgeni ni siku mbili," alisema,
"na nyinyi mmeandikiwa miezi mitatu."
Akacheka peke yake. Mratibu akamkazia macho.
Rumilda akalichukua.

Tukalima tuta moja la sukuma wiki nyuma ya jiko.
Udongo mwekundu ukaingia kwenye kucha
za watu wenye tuzo.
Tsiala jembe lilimkataa; akang'oa magugu kwa mkono,
akang'oa na terere yote.
"Hiyo ni mboga!" Syokau alipiga kelele,
"hiyo ni mboga, mama, rudisha!"
Jioni nililiona neno hilo kwenye daftari lake, terere,
kwa herufi zao zilizopinda kama vishikio vya vikombe.
Ukurasa mzima, neno moja.

Jumamosi nilikwenda Kayole.
Mama akauliza: umeandika kurasa ngapi?
Mbili, nikasema. Na tuta.
Akanigeuza viganja, akavitazama.
"Kwa hiyo wanakulipa ufanye
ulichokikimbia kwa nyanya yako Kandara."
Sufuria nilikuwa nimeisahau tena.

Sasa wameondoka. Mlangoni imebaki gundi,
mstatili mchafu wenye ukubwa wa jina.
Syokau amenipigia simu: njoo, sukuma zimezidi.
Akanifungia kwa gazeti, majani mapana
yaliyotoboka hapa na pale, na sufuria juu yake.

Nyumbani tulipomaliza kula
nikamwandikia Rumilda: sukuma tumeila.
Kisha nikasita kwenye ile *tu*,
herufi mbili, mlango mmoja,
nikitaka kujua yeye angeisema kwa ipi.

Bado hajajibu.
Kwao hakujapambazuka.