Hesabu ya Falaji

Daftari la kwanza limeliwa na mchwa mpaka mwezi wa Rajabu.
Naanzia hapo, palipobaki:

*Kulipwa Ghusni na wanawe wawili, kushuka chini siku tisa
na kutoa kifusi: kirshi nne na kikapu cha tende.
Mmoja hakupandishwa hai. Sanda imelipwa na falaji.*

Kisha mstari. Kisha bei ya kamba.

Ndivyo baraza letu la Ibra lilivyoandika,
wanaume watano na wino wa masizi.
Hawakuwa na kitu. Falaji ndilo lililokuwa tajiri:
mitende arubaini na moja, duka alilopanga mshona viatu,
na maji ya usiku wa Alhamisi, yakinadiwa uwanjani
kwa sauti, mbele ya watu, asije mtu akasema sikusikia.

Maji yaligawiwa kwa kivuli cha mti mkavu mchana,
kwa nyota usiku, athari kwa athari.
Kwa Kiswahili cha mama yangu
athari ni alama ya jambo lililokwisha pita.
Hapa ni nusu saa ya maji.
Na saruji si ile ya mifuko, ya unga wa kijivu:
ni udongo uliochomwa kwa makuti siku saba,
ukapondwa, ukasiliba mfereji, ukakaa miaka mia.
Ilinichukua muda kuacha kukosea.

*Kutozwa Shinuna binti Saif robo kirshi,
kwa kufungua lango kabla nyota haijatoka.
Amesema mtoto alikuwa na kiu.*
Mstari wa chini, mkono ule ule:
*Mtoto alikuwa na kiu kweli. Amelipa.*

Ukurasa wa sitini na mbili ni wa babu yangu.
*Muhanna bin Shamis. Ghaibu. Yuko Pemba.*
Mwaka unaofuata: *Ghaibu.* Na unaofuata.
Athari zake tatu zimekodishwa, kodi imepokelewa.
Ukuta wa nyumba yake umeanguka,
boriti zimeezekea chuo cha watoto,
thamani yake imewekwa. Imekatwa saruji.
Mwaka wa ukame umeandikwa neno moja tu: *Hakuna.*

Babu alizikwa Wete, chini ya mvua, akiwa na karafuu zake,
hajui kwamba kuna watu wanamhesabia.

Baba akaja na masanduku mawili na watoto watano,
akaketi kwenye mnada asielewe hata bei.
Wakili, Zahran wa wakati ule, akamwita pembeni,
akalifungua daftari, akamsomea miaka thelathini na minane
kwa kidole, polepole, kama anayemfundisha alifu.
Salio: kirshi kumi na moja.
Kutoa fungu la ghaibu katika kamba mpya: kirshi mbili.

Mama alicheka hadi akakaa chini.
"Bahari nzima tumevuka, kumbe tunadaiwa kamba!"
Baba hakucheka. Aliomba aonyeshwe kamba.

Sasa kalamu ni yangu, mwanamke wa kwanza,
na walionung'unika wamechoka au wamekufa.
Maji yamepungua; visima vya pampu vinayanywa huko juu.
Baladiya imetuletea barua: itajenga mfereji kwa zege, bure.
Tumekutana mara tatu. Shamsa anataka, Muhanna mdogo hataki,
mimi nimeandika maneno ya wote wawili.
Mnadani wiki iliyopita tulikuwa sita,
mmoja kwenye simu, na mtandao ulikatika
alipokuwa anapandisha bei.

Majina thelathini na nne nimeyaandikia *Ghaibu*:
Maskati, Dubai, mmoja Manchesta,
na binti yangu Raya, athari moja na nusu,
ambaye hukasirika nikimtumia hesabu.
"Mama, uza tu."
Namtumia hivyo hivyo.

Leo: *Kulipwa Iqrari, fundi, kuziba ufa karibu na shule, riyali kumi na nane.
Chai ya mafundi, riyali moja.
Kamba*