Wasil, Mwana wa Nani?

Siku ya posa ya Muhanna, upande wa mke
walitaka nasaba, kama ada ya hapa Matrah.
Kaka yangu akaitaja: Muhanna bin Saif bin Hilal
bin Zahran bin Thani, akashuka, akashuka
mpaka Wasil. Hapo akanyamaza, akanywa kahawa.
"Wasil bin nani?" akauliza mzee mmoja.
Halua ikapitishwa.

Jibu tulikuwa nalo, la nyumbani, la mlango kufungwa.
Bibi yangu mzaliwa wa Wete alilitoa kwa mzaha
kila alipozaliwa mtoto mwenye macho rangi ya chupa:
"Mholanzi kapita tena, fungeni dirisha."

Miezi mitano niliandika barua. Uholanzi
wakaniletea picha ya ukurasa mmoja,
herufi zimelala ubavu kama ng'onda juani.
Hanneke, jirani, ambaye mumewe yuko kwenye mafuta Fahud,
akaja na miwani na sahani ya biskuti.
Kiyoyozi kikidondoka ndooni, akasoma, kidole mbele:

Wessel, mwana wa Harmen. Fundi mapipa. Mtu wa Hoorn.
Anadaiwa: sanduku, godoro, jozi mbili za viatu.
Kila mwaka, mshahara wa miezi mitatu
apewe mamaye, Grietje.
Chini, wino mwingine, mkono mwingine:
Katoroka Maskati. Hesabu imefungwa.

"Basi?"
"Basi," akasema, akachukua biskuti.

Nikamwona: Julai, mbao za mapipa zinaachana kwa ukavu
na lawama ni zake. Kampuni inauza pilipili manga, sukari,
inaandika mpaka msumari. Wenzake wanakufa kwa homa
na viatu vyao vinapigwa mnada kabla ya magharibi.
Labda alichoka kuhesabu viatu.
Labda palikuwa na msichana. Sijui.
Nasaba yetu haitaji wanawake.

Ila Kampuni imemtaja mmoja.
Grietje, mwezi wa malipo, dirishani, kajitanda shali,
karani anapekua, anatikisa kichwa.
Kafa? "Hayupo, mama. Nyuma yako kuna watu."
Nani angemwambia kuwa mwanawe yu hai, kakaa mkekani,
anajifunza kula kwa mkono wa kulia,
na watu walioshindwa kulitamka Wessel
wamempa jina lililo karibu?
Kule kaandikwa aliyetoroka.
Huku, aliyefika. Hata Kiswahili chetu cha Wete kinajua:
kawasili.

Jana nikampigia yule mzee.
"Wasil bin Harmen," nikamwambia.
"Harmen wa kabila gani?"
"Wafunga mapipa, ami."
Kimya. Kisha nikasikia kalamu.
Mama yake hakumuuliza.
Nikamtajia, herufi moja moja,
mpaka kalamu ikasikika tena.