Samadi ya Kesi

Tulikuita Kesi
kwa kuwa ulinunuliwa mwaka ule wa kesi ya mpaka,
baba alipokwenda barazani mara tisa
akarudi na hatua nne za ardhi
na ndama mmoja mwekundu, mwenye jicho la kudai.

Kihamba chetu hapa Uru ni chembamba kama mshipi:
juu mfereji, chini kaburi la bibi,
katikati migomba, na pale ilipong'olewa kahawa
miche kumi na minne ya parachichi,
kimo chake goti la mtoto.

Nakiri kwako, maana wewe hucheki:
mitatu ya kwanza niliiua mwenyewe.
Kwa pupa. Nilizoa kinyesi kikifuka mvuke,
alfajiri ya baridi, mlima umejifunika gubigubi,
nikakirundika shinani
kama anayemlisha mgeni kwa lazima.
Wiki ya pili majani yakakauka pembeni,
rangi ya karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa.

Mama Ndeshi, jirani (ndiye, yule yule wa kesi),
akachungulia juu ya masale.
"Huo mche umeupikia," akauliza, "au umeupika?"

Kisha akavuka mpaka. Hakubisha hodi.
Akachomeka kijiti katikati ya lundo,
akahesabu kimoyomoyo, akakichomoa, akanipa:
nikakiachia upesi, nikipuliza vidole.
"Hili bado lina hasira.
Siku kijiti kitakapotoka baridi kama mkono wa padri,
ndiyo siku yake."
Akarudi kwake. Miaka kumi na mmoja,
hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu.

Basi nikajifunza kungoja.
Manyasi uliyoyabagua, yale ya kutoka tambarare
niliyoyabeba kichwani hadi shingo ikakakamaa,
majani ya migomba, jivu la jikoni, na wewe,
kila siku wewe, bila sikukuu.
Nililigeuza lundo kila baada ya wiki mbili
likinitemea mvuke usoni.
Likazama. Likawa jeusi.
Harufu ya mkojo iliyokuwa ikikata macho
ikaondoka siku moja bila kuaga,
na mahali pake pakanukia msitu uliotoka kunyeshewa.
Nyungunyungu wakaja, sijui nani aliwaambia.

Debe moja kila mche.
Si shinani: shibiri mbili kando, kwa duara,
shina liachwe lipumue.
Juu yake majani makavu, kama blanketi la mgonjwa.
Masika ilipotulia, mche wa tano kutoka mferejini
ulitoa jani jipya, jekundu, lenye kung'aa,
nikaita watu waje kuliona.
Alikuja mbuzi tu.

Halafu Januari, na barua ya chuo ya Elinami,
na hesabu iliyokataa kila nilipoirudia.
Mchuuzi alikuja na kofia yake ya sufi,
akakugonga nyonga kama anayenunua mlango.
Noti nilizihesabu mara mbili. Sikukutazama.
Ila kabla ya kuvuka masale ulisimama,
kamba ikavutika, ukainua mkia,
ukaacha la mwisho
pale pale njiani, likifuka.

Mchuuzi akacheka.
Mimi nikaenda kuleta sepeto.

Wiki ya tatu hii banda lina mwangwi.
Bado naamka saa kumi na moja, mikono inatafuta ndoo.
Mama Ndeshi ametuma mjukuu
na nusu gunia la samadi ya mbuzi, hakuna salamu,
gunia tu, limefungwa kwa ugwe wa mgomba.
Nimelipokea.

La kwako la mwisho nililiweka juu ya lundo jipya,
nikalifunika.
Leo asubuhi, kabla ya jua, nimechomeka kijiti,
nikahesabu, nikakichomoa,
nikakishika kwa viganja vyote viwili.

Bado kina joto.
Miche inaweza kungoja.