Bila Kusahihisha

Miaka kumi na tisa nafundisha insha hapa Muyeye,
kalamu nyekundu sikioni kama seremala.
Nikiona "kitabu yangu"
mkono huenda wenyewe.

Rejista ndiyo iliyoanza kusema.
Thoya Karisa, Gredi ya Tano:
yupo, yupo, sifuri, yupo, yupo.
Wiki ya pili: yupo, yupo, sifuri.
Kila Jumatano. Siku ya michezo.
Nilidhani ni viatu.
Nikamletea raba za mwanangu, zimefuliwa, kamba mpya.
Akazipokea kwa mikono miwili, akashukuru,
na Jumatano hakuja.

Alhamisi alibaki kufuta ubao.
Akafuta pale pale, pale pale,
chaki ilishakwisha zamani.
"Mwalimu, mtu akikwambia neno, wewe humwambia nani?"
Ulimi ulikuwa tayari: simwambii mtu.
Uongo mtamu, na angeupenda.
Nikasema, "Nitawaambia wale tu wanaoweza kukulinda."

Akanyamaza.
Nje mtu alikuwa akifagia majani ya mkilifi,
fagio likija hadi dirishani, likirudi.
Nikaketi kwenye dawati la watoto, magoti kifuani.
Sikuuliza nani. Sikuuliza wapi.
Fagio lilikwenda na kurudi mara nyingi sana.

Kisha akasema, nami nikaandika:
*Kocha alinambia tubaki tuesabu mipira.*
Pana h imepotea. Nikaiacha.
*Mipira ni sita. Tuliesabu mara mingi.*
Nikaiacha.
*Mimi sikutaka. Yeye akafunga stoo.*
Hapo akasimama, na kalamu ikasimama
juu ya mstari ambao haukuandikwa.
Nikauacha mtupu ulivyo.
Nikamwambia, "Nakuamini. Hukukosa."
Tarehe. Saa tisa na dakika arobaini. Jina langu.

Mwalimu mkuu alifunga mlango, akafunga na madirisha,
katika joto lile la Machi.
"Bi Umazi, huyu ndiye aliyetuletea kombe."
"Na huyu ni mtoto wa kiume, atasahau."
"Baba yake ameshakubali tuzungumze. Mbuzi wawili, gunia la mahindi.
Mambo ya nyumbani yaishie nyumbani."
Akanyoosha mkono kuomba daftari,
kwa upole, kama anayeomba chumvi.
Nikalitia mkobani.
Nikapanda tuktuk hadi Ofisi ya Watoto,
na njia nzima miguu yangu haikuwa yangu.

Afisa, binti mdogo, alisoma mara mbili.
Hakucheka ile h.
Akauliza, "Saa hizi mtoto yuko na nani?"
Mwezi mzima nilikuwa nimesubiri mtu aulize hilo,
wala sikujua kwamba nasubiri.

Usiku nilimkumbuka Haluwa.
Miaka mitatu nyuma, Darasa la Saba, insha:
"Kitu Nisichokipenda."
Kurasa mbili juu ya firimbi.
*Nikiisikia, tumbo langu hujikunja kama karatasi motoni.*
Nami pembeni, kwa wino mwekundu:
*Tashbihi nzuri sana! Chunga nukta zako. 31/40.*
Nikaisoma mbele ya darasa zima.
Wakampigia makofi.

Kesi imetajwa mara mbili, imeahirishwa mara mbili.
Chumba cha walimu nikiketi, vikombe huhama.
Kuna aliyeniandikia ujumbe: *umetuvunjia shule.*
Sikuujibu. Nimeuhifadhi, una tarehe.

Juzi Jumatano Thoya alikuja.
Alikaa ukingoni mwa uwanja, raba mapajani,
akiwatazama wenzake wakikimbiza mpira.
Hakuzivaa.
Nikaandika: yupo.

Haluwa walihamia Gongoni, wanasema,
karibu na mashine ya kusaga.
Jumamosi nakwenda.
Nimetafuta kabati lote, ile insha siioni.
Njiani nitavuka Sabaki, maji mekundu yamejaa,
na sijui, nikibisha hodi,
nitaanza na neno gani.