Neno Lililokatwa

Niliandika: *Nyenje wa Kauai waliamua kunyamaza.*
Bi Tsukiyama akalikata neno moja tu,
mstari wa wino mwekundu juu ya "waliamua",
na pembeni: Nani? Lini? Katika kikao gani?

Darasa likacheka. Nami nikacheka, shingo upande.

Usiku ule akatuchukua, watu saba na taa za kichwani,
hadi uwanja wa nyasi nyuma ya kanisa, Wailua.
Mvua ilikuwa imetoka kupita, udongo mwekundu unang'ang'ania ndara,
na jogoo wasio na mwenyewe wakiwika saa mbili usiku
kana kwamba wanalidai jua deni.

"Sikilizeni nyenje," akasema.
Tukasikiliza. Hapakuwa na kitu.
Lakini Nohea alipoinamisha taa, nyasi zilijaa:
weusi, wanene, miguu imekunjwa,
mmoja juu ya kidole changu cha mguu,
wote bubu.
Husemwa kimya kingi kina mshindo mkuu.
Hiki nilikisubiria mshindo wake, sikuusikia.

Akamshika dume mmoja, akalitandua bawa kwa kijiti cha meno.
"Nyenje haimbi kwa koo. Huimba kwa bawa.
Hapa pangekuwa na meno kama ya msumeno,
na hapa ukingo wa kuyakwaruza. Tazama."
Tukatazama. Bawa laini, kama la jike.

Zamani si nyingi uwanja huu ulivuma.
Kila dume alijitangaza, niko hapa, niko hapa,
jike akaja.
Na nzi akaja, mdogo, mgeni kutoka bara,
mwenye masikio ya kuwinda gizani,
kwake wimbo uleule ni kengele ya chakula.
Alimdondoshea mwimbaji mabuu,
mabuu wakapenya, wakala kwa ndani,
na baada ya juma moja hivi wakatoka,
nyenje akabaki ganda.

Mdomo huponza kichwa. Hapa bawa liliponza tumbo.

"Sasa hesabu, Makoa," akanigeukia.
"Mahali fulani, katika yai moja, jeni ilinakiliwa vibaya,
kama wewe unavyonakili ubaoni ukiwa na usingizi.
Hakuna aliyeliomba kosa hilo. Lenyewe halikujua kuna nzi.
Miaka mingine lingekuwa msiba:
dume asiye na wimbo, nani atamwendea?
Lakini waimbaji walikuwa wanaliwa.
Bubu akaishi hadi akazaa, bawa likarithiwa,
na watoto wake wakaishi hadi wakazaa.
Vizazi ishirini, labda pungufu."
Akamwachia dume arudi nyasini.
"Hakuna nyenje hata mmoja aliyebadilika.
Aliyezaliwa mwimbaji alikufa mwimbaji.
Kilichobadilika ni hesabu ya waliobaki."

Nikauliza: basi bubu anampataje mke?

Akatuzimisha taa. Tukangoja.
Mbali, karibu na bomba la maji, mmoja aliimba.
Mmoja, uwanja mzima.
Tulipomfikia, bubu tisa walikuwa wamemzunguka,
wanawavizia majike walioitwa na mwingine.

"Na waimbaji wakiisha?" akauliza Nohea.
Bi Tsukiyama alikuwa anafungua wali wake,
ule wa kukunjwa kwa mwani na nyama ya kopo.
Akatafuna. Akasema, "Swali zuri,"
akaendelea kutafuna.

Nilitaka kumwambia yule wa bombani: nyamaza.
Nilitaka kumwambia: usinyamaze.
Masikio yake yako miguuni, chini ya goti,
wala hayakuwa kwangu.

Nyumbani nikaandika upya. *Walinyamazishwa.*
Nikafuta. Na nani? Nzi hakutaka kimya,
alitaka wimbo, alitaka wanawe wale.
*Walijifunza.* Nikafuta hilo hata kabla ya nukta.
Nikakaa na kalamu mdomoni, kisha:

*Waliokuwa bubu ndio waliozaa.*

Fupi mno kwa alama tano.
Nikaisoma tena, nikawasikia ndani yake
wote ambao hawakuzaa,
uwanja mzima unavuma.

Nje jogoo akawika. Saa tano usiku.