Milango Minne

Wanaume wa Jumapili, pale uwanjani nyuma ya stesheni,
wanapenda motoka ya milango miwili.
Wanaizunguka mikono mgongoni,
wanapapasa mkia wake, wanasema:
hii inakimbia hata ikiwa imesimama.
Ya milango minne wanaiacha pembeni.
"Hiyo ya kwendea misa," anasema Monga,
na kicheko kinapita kama chupa ya bia.
Mimi Numbi, mshona viti wa Kamalondo,
ninauma uzi, sijibu.

Lakini njoo uione alfajiri, kabla ya vumbi,
jua likichungulia kando ya ule mlima mweusi
ambao kiwanda kilitema miaka yote kikitafuna shaba.
Motoka ya mwaka thelathini na saba,
rangi yake kijani cha chupa ya dawa.
Matao ya magurudumu yamejaa kama mabega
ya mtu aliyekwisha kutua mzigo.
Paa linashuka nyuma polepole,
halina haraka ya kufika chini.
Na vitasa vya ubavuni viwili viwili, pua kwa pua:
vuta vyote pamoja
inafunguka kama kabati la nguo za harusi.

Ilikuja kwa reli kutoka kusini, mali ya Mgiriki muuza unga.
Mgiriki akaondoka, kuku wakahamia.
Miaka kumi na tisa walitagia kiti cha nyuma;
nilipokifumua nilikuta manyoya, tiketi ya sinema,
na yai moja, jepesi kama balbu.
Kyungu aliinunua kwa bei ya kiwanja cha Kasapa.
Mkewe hakumsemesha mpaka mvua za Novemba.

Kisha akaja tajiri wa Kolwezi na futi ya chuma.
Akapima, akapiga hesabu juu ya boneti yenyewe:
kata paa hapa, ziba milango ya nyuma,
itakuwa kabrioleti, itapata bei.
Kyungu akanyamaza.
Namjua Kyungu: akinyamaza, anauza.

Siku hiyo kambo Chola alikuwa ameniletea chakula.
Mumewe, Mwepu, alikuwa shofa.
Miaka ishirini na mbili alifungua mlango wa nyuma,
akaufunga, akazunguka, akashika usukani.
Mlango wa nyuma aliujua kwa nje tu.
Kambo akaweka sahani juu ya cherehani,
akavua kandambili bila kuombwa,
akaingia nyuma upande wa kushoto, akafunga.
*Tup.*
Sauti nene, kama gunia la mahindi likikutana na sakafu.
Akateleza juu ya ngozi yangu mpya,
akatokea upande wa kulia. *Tup.*
Akazunguka. Akaingia tena.
Mara nne, tajiri akiwa ameishika futi yake hewani.

Nilitegemea aseme neno juu ya marehemu.
Alisema: "Aliniambia unafungika kwa kidole kimoja.
Nikadhani anajisifu."
Kisha: "Fufu inapoa."

Sitakudanganya kwamba Kyungu alilia.
Aliuliza tu tajiri kama anajua njia ya kurudi Kolwezi.

Sasa Jumapili tunaiegesha pembeni, palepale pa dharau,
milango yote minne wazi, upepo ukipita kati.
Watoto wanaingia huku wanatokea kule,
na Monga, akidhani hakuna anayemwona,
anakaa nyuma peke yake, magoti pamoja kama bwana harusi,
anaufunga mlango,
anaufungua,
anaufunga.